Nyongeza ya Shilingi 60

Oktoba 2022 mfumuko wa bei nchini Kenya ulifika asilimia 9.6. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2024, ulikuwa umeshuka hadi asilimia 2.7. Serikali na Benki Kuu zina haki ya kuitaja takwimu hiyo, kwa sababu ni ya kweli na haikupatikana kirahisi. Lakini muulize mlinzi wa usiku, mwalimu wa chekechea au mama anayeshona nguo katika kiwanda cha Athi River kama maisha yamekuwa nafuu, na jibu utakalopewa halifanani hata kidogo na takwimu. Wapo wanaosema kwamba watu hawa hawaelewi uchumi. Mimi nasema wanauelewa vizuri sana, kwa sababu wao ndio wanaofanya hesabu yake kila jioni. Ninachotaka kukionyesha leo ni kwamba bei zikitangulia na mshahara ukabaki nyuma, ile tofauti iliyo katikati haipotei hewani. Lazima mtu ailipe. Familia za wafanyakazi huilipa kwa usingizi, kwa chakula, kwa matibabu yanayoahirishwa na kwa maelewano ya nyumbani. Mambo hayo hayamo katika kapu la takwimu, na mfumuko ukipungua hayarudi yenyewe.

Tuanze na hesabu, maana ndipo penye mkanganyiko. Mfumuko hupima kasi ya kupanda kwa bei kutoka mwaka mmoja hadi mwingine. Ukipungua, bei bado zinapanda, ila polepole zaidi. Chukua kapu la bidhaa lililonunuliwa kwa shilingi 1,000 Oktoba 2021. Kwa ile asilimia 9.6, mwaka mmoja baadaye kapu hilo hilo lilikuwa shilingi 1,096. Mwaka uliofuata mfumuko ulikuwa asilimia 6.9, likafika 1,172. Mwaka wa tatu, huo unaosifiwa kwa utulivu wake, likaongezeka tena kwa asilimia 2.7 na kusimama kwenye shilingi 1,203 hivi. Hakuna mahali katika safari hiyo ambapo mnunuzi alirudishiwa chochote. Ni kweli kwamba bidhaa moja moja ilishuka. Pakiti ya kilo 2 ya unga wa mahindi iliyovuka shilingi 200 katikati ya 2022, wakati nchi iko katikati ya ukame wa misimu mitano ya mvua iliyokosekana, ilipungua bei baada ya mvua kurejea na wakulima kupata mbolea ya ruzuku. Lakini kapu lote kwa jumla lilibaki juu.

Na hilo ni kapu la wastani wa taifa zima. Ndani yake chakula na vinywaji visivyo vya kulevya vimepewa uzito wa karibu asilimia 33, na uchukuzi chini ya asilimia 10. Mwaka 1857 mtaalamu wa takwimu wa Ujerumani, Ernst Engel, alichunguza matumizi ya familia za wafanyakazi wa Ubelgiji akaonyesha kwamba kadiri familia ilivyo maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya mapato yake inavyoishia kwenye chakula. Kanuni hiyo imepimwa katika nchi nyingi tangu hapo na imesimama. Kwa hiyo familia ya Mukuru au ya Changamwe, ambayo chakula na nauli huila zaidi kuliko wastani unavyodhani, ilipigwa na miaka ile mitatu kwa nguvu kuliko takwimu ya jumla inavyosema.

Sasa tuweke mshahara kando ya kapu. Kima cha chini kwa kibarua wa kawaida katika Nairobi, Mombasa na Kisumu kilikuwa shilingi 13,572.90 kwa mwezi tangu 2018. Kilikaa hapo miaka minne bila kuguswa. Mei Mosi 2022 kiliongezwa kwa asilimia 12 kikawa 15,201.65, kikakaa tena hadi Novemba 2024 kilipoongezwa kwa asilimia 6 na kufika 16,113.75. Kwa hiyo wakati kapu letu limepanda kwa asilimia 20, mshahara huu ulikuwa umepanda kwa asilimia 12 tu hadi ule mwezi wa Oktoba 2024. Na hapo sijagusa makato. Kabla ya Februari 2023 mfanyakazi huyu alikatwa shilingi 200 za akiba ya uzeeni, NSSF, na 600 za bima ya afya ya wakati huo, NHIF, jumla 800, akaenda nyumbani na 14,401, tukiacha marupurupu ya nyumba pembeni. Kufikia mwisho wa 2024 NSSF ilikuwa asilimia 6 ya mshahara wake, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, na bima mpya ya afya, SHIF, asilimia 2.75. Jumlisha: asilimia 10.25, yaani shilingi 1,651 na senti kadhaa. Anabaki na 14,462. Toa uone. Baada ya nyongeza iliyotangazwa kwa shangwe, na baada ya miaka miwili na nusu ya kungoja, mfanyakazi wa kima cha chini alipeleka nyumbani shilingi 60 zaidi ya alizopeleka katikati ya 2022. Katika muda huo huo lita ya petroli jijini Nairobi ilitoka shilingi 150 hadi 180, baada ya kupita 217 Oktoba 2023.

Haki itendeke kwa pande zote. Pesa za NSSF ni akiba ya mfanyakazi mwenyewe, na mwajiri huongeza kiasi sawa na hicho. Ile shilingi 200 ya zamani ilikuwa aibu, maana haikumtayarishia mtu uzee wowote. Na kwa huyu wa kima cha chini, SHIF inamkata shilingi 443, pungufu ya 600 za NHIF. Kwa hiyo sisemi kwamba kila kato ni dhuluma. Ninachosema ni kwamba akiba ya uzeeni hailipi kodi ya nyumba ya mwezi huu, na kwamba waliopanga makato haya walipanga kila moja peke yake, kana kwamba lingeingia katika mshahara ambao haujaguswa na kitu kingine. Julai 2023 ni mfano wa wazi. Mwezi huo kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na mwezi huo huo ushuru wa nyumba ukaanza kukatwa. Miezi mitano tu kabla yake NSSF ilikuwa imebadilika. Kila uamuzi ulikuwa na hoja yake katika ofisi yake. Mfanyakazi ndiye pekee aliyeyapokea yote matatu kwa mshahara mmoja.

Basi familia hufanya nini? Hapa ndipo nataka tutulie kidogo, kwa sababu takwimu huishia mlangoni na maisha huanzia hapo. Kodi ya nyumba haipunguziki; isipolipwa, mwenye nyumba huweka kufuli. Karo na ada ndogondogo za shule hazipunguziki, mtoto hurudishwa nyumbani. Nauli haimo mikononi mwa abiria, na mvua ikinyesha jioni makanga huipandisha papo hapo. Vinavyobaki vinavyoweza kupunguzwa ni vile ambavyo hakuna mtu wa kuvidai. Chakula hupungua ubora kabla ya kupungua wingi: nyama inaondoka, maharagwe yanafuata kwa sababu yanakula makaa mengi, maziwa yanabaki ya chai tu, kisha hata chai inakuwa ya rangi. Usingizi nao hupungua, kwa sababu anayeokoa nauli ya asubuhi huamka saa kumi alfajiri ili atembee hadi Eneo la Viwanda. Dawa ya shinikizo la damu huwa ya kumezwa siku moja na kuachwa siku inayofuata ili ifike mwisho wa mwezi. Hakuna risiti ya hata kimoja kati ya hivi.

Simama kando ya kibanda chochote cha Kawangware au Kisauni saa kumi na mbili jioni, wafanyakazi wanaporudi, uangalie kinachonunuliwa. Mafuta ya kupikia ya shilingi 20, yaliyopimwa kwa mashine na kumiminwa katika chupa ya soda. Sukari robo. Majani ya chai ya shilingi 10. Kipande cha sabuni kilichokatwa kutoka kwenye mche. Nyanya tatu, kitunguu kimoja. Tokeni ya umeme ya shilingi 50. Ukipiga hesabu ya kilo au lita, wanunuzi hawa mara nyingi wanalipa bei ya juu kuliko anayejaza toroli dukani kwa mwezi mzima. Maji nayo vivyo hivyo: anayenunua mtungi wa lita 20 kwa mchuuzi hulipa kwa kila lita mara kadhaa ya bei anayolipa mwenye mfereji ndani ya nyumba. Anayelipwa kwa siku hununua kwa siku, na umaskini wenyewe unakuwa na gharama yake ya ziada.

Hili linajibu, nadhani, pingamizi ninalolisikia mara nyingi kuliko yote, hasa kutoka kwa watu waliofanikiwa: kwamba wafanyakazi wajifunze kupanga bajeti, waache anasa, waweke akiba. Wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo, na ni shauri jema kwa mwenye mkono unaofika. Lakini mtu anayejua bei ya nyanya tatu katika vibanda vinne tofauti hahitaji kufundishwa bajeti. Kisha kuna ushahidi kwamba uhaba wenyewe hula ile nguvu ya akili tunayomtaka mtu aitumie kupanga. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao uliowapima wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, kabla ya mavuno, wakati hawana pesa, na baada ya mavuno, wakati wamelipwa. Wakulima wale wale, kwa akili zile zile, walifanya vibaya zaidi katika majaribio ya fikra kabla ya mavuno. Kichwa kilichojaa hesabu ya kesho hakina nafasi kubwa ya mwaka ujao. Ukikutana na mzazi mkali, msahaulifu, asiyekumbuka kumuuliza mtoto amesoma nini leo, huenda unamwona mtu ambaye tangu asubuhi amekuwa akihesabu.

Na simu imeongeza uzito mwingine. Tangu mikopo ya simu ya M-Shwari ianze 2012 na ya Fuliza 2019, Mkenya anaweza kukopa akiwa amesimama kwenye foleni ya duka. Sina ugomvi na mkopo wa haraka. Umewahi kumfikisha mgonjwa hospitalini. Lakini mkopo uliobuniwa kwa dharura ukitumika kununua unga, dharura imekuwa maisha ya kila siku. Pesa zikiingia, deni la Fuliza linajilipa kwanza na mwenye simu anaanza mwezi mpya akiwa tayari amepungukiwa. Sheria ya Ajira ya 2007 inamkataza mwajiri kukata zaidi ya theluthi mbili za mshahara, ili angalau theluthi moja ifike nyumbani. Waliotunga sheria hiyo walikuwa na huruma na walikuwa na akili. Ulinzi wao, hata hivyo, unakoma pale mshahara unapoingia kwenye simu.

Kinachoharibika baada ya hapo ni uhusiano wa watu. Baba anachukua zamu ya pili na kurudi watoto wakiwa wamelala. Mama anajiondoa katika chama kwa sababu hawezi kutoa mchango, na kwa kujiondoa anapoteza wenzake waliokuwa wakimsaidia akiuguliwa. Watu wanaanza kukwepa simu za jamaa walioko nyumbani mashambani kwa kujua kitakachoombwa, na mkwe anayejua anakwepwa huweka kinyongo. Mume na mke wanaogombana juu ya shilingi 200 mara chache huwa wanagombana juu ya shilingi 200. Hayo yote tunayaita matatizo ya kifamilia, tunayapeleka kwa mchungaji, kwa sheikh, kwa wazee, na ni sawa kuyapeleka huko, ila tuwe wakweli kwamba mengi kati ya hayo yalianzia kwenye hati ya mshahara.

Mtaalamu wa uchumi atanijibu kwamba ukipandisha mishahara, waajiri watapandisha bei, nasi tutazunguka mahali pamoja. Ni hoja nzito katika nchi ambako mishahara ndiyo inayosukuma bei. Kenya ya miaka hii haikuwa hivyo, na ushahidi tumeshauona: kima cha chini kilisimama wima kutoka 2018 hadi 2022, na bei hazikusimama nacho. Zilisukumwa na ukame, na bei ya ngano na mbolea baada ya vita vya Ukraine kuanza Februari 2022, na kuporomoka kwa shilingi iliyofika karibu 160 kwa dola Januari 2024, na kodi ya mafuta. Mfanyakazi hakuanzisha hata kimoja katika hivyo. Kumwambia avumilie ili bei zisipande ni kumtoza faini kwa kosa lisilo lake.

Hoja kwamba kodi zilihitajika ili kulipa deni la taifa ni ngumu zaidi, na sitaki kuipita juu juu. Serikali ilikuwa na mkopo wa dola bilioni 2 uliopaswa kulipwa Juni 2024, na kama isingelipa, shilingi ingeporomoka zaidi na bei zingetuumiza zaidi. Kodi haikuepukika. Lakini kodi zinatofautiana. Inayowekwa kwenye mafuta humfikia mwenye gari kubwa mara moja, na humfikia asiye na gari mara nyingi: kwenye nauli, kwenye lori la viazi kutoka Nyandarua, kwenye kinu cha kusagia unga. Mafuta ya taa, nishati ya maskini kuliko wote, yalivuka shilingi 200 kwa lita Septemba 2023. Wananchi waliuona mpangilio huu vizuri. Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuja na pendekezo la VAT ya asilimia 16 juu ya mkate. Pendekezo hilo liliondolewa kabla ya mswada kupitishwa, lakini imani ilikuwa imekwisha. Juni 25 waandamanaji waliingia Bungeni, vijana waliuawa, na siku iliyofuata Rais alikataa kuutia saini mswada wote. Taifa lililolipa gharama hiyo ya damu lina wajibu wa kuuliza kila kodi mpya itamwangukia nani.

Kuhusu ruzuku, nina shaka nazo zinapokuja kwa pupa. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, pakiti ya unga iliwekwa shilingi 100. Mpango ulidumu majuma machache, na wengi walikuta rafu tupu. Bei ilishushwa kwa amri bila kitu cha kuishikilia. Linganisha na Dishi na County, mpango wa chakula cha mchana ulioanza Nairobi mwaka 2023, ambapo mzazi wa mtoto wa shule ya umma hulipa shilingi 5 kwa sahani na kaunti na washirika wake hulipa kilichobaki. Hapa kuna jiko, kuna wapishi, kuna utaratibu unaojirudia kila siku ya shule. Mama anayejua mtoto wake atakula mchana ameondolewa shilingi kadhaa za matumizi, na zaidi ya hapo ameondolewa hesabu moja kichwani. Hata yule ambaye hana mwajiri, na zaidi ya wanane katika kila kumi ya wenye kazi nchini wako katika sekta isiyo rasmi ambako kima cha chini huwa jina tu, anafikiwa na sahani hiyo. Maji ya mfereji katika mitaa ya mabanda yangemfikia vivyo hivyo, na njia salama ya kutembea kwa miguu pia.

Kwa wenye mshahara, ninachokitaka ni kidogo na kinawezekana. Kima cha chini kisingoje moyo wa kiongozi siku ya Mei Mosi. Ufaransa ina sheria inayokipandisha chenyewe bei zikipanda. Afrika Kusini, iliyoanzisha kima cha taifa Januari 2019, imekuwa ikikirekebisha kila mwaka. Kenya inaweza kuandika sheria kwamba kila mwaka kima cha chini kitafuata bei za kapu la familia za kipato cha chini, kapu ambalo Shirika la Takwimu tayari lina namna ya kulipima. Na kabla ya kato lolote jipya kupitishwa, Wizara ya Fedha iweke mbele ya Bunge hati ya mshahara ya mfano, ya huyu wa shilingi 16,113, ikionyesha makato yote kwa pamoja na kinachobaki.

Msikilizaji, Mei Mosi ijayo utasikia asilimia ikitangazwa jukwaani. Kabla hujapiga makofi, chukua hati yako ya mshahara ya mwezi huo na ya miaka miwili nyuma, toa makato yote, ulinganishe kinachofika nyumbani na bei ya unga, nauli na kodi ya nyumba. Kisha mpelekee mbunge wako hesabu hiyo kwa maandishi, na umtake akuambie alipiga kura gani kwa kila kato lililomo.